Akisilimu Hajawa Yatima: Safari Yetu ya Kwenda Kwao, Ireland



Kwetu Unguja, posa ikiletwa, suali la mwanzo halihusu mahari wala nyumba. Wazee wanauliza: "Kwao wapi?" Anatajwa baba, anatajwa babu, unatajwa mtaa, na mara nyingi hapo hapo kwenye mkeka anapatikana mtu anayemjua shangazi yake. Hapo ndipo moyo wa mama wa bibi harusi unapotua.

Lakini posa ikiletwa na mwanamme aliyesilimu, aliyetoka Ulaya au kwengine mbali, suali lile tunaliruka. Tunauliza kasilimu lini, kwa nani, anasali au hasali. Hayo ni masuali ya haki na lazima yaulizwe. Kisha tunasema, "Huyu kwao ni hapa sasa." Tunampa jina jipya, tunampa na baba mpya, tunamuozesha. Tunadhani tumemkirimu.

Maoni yetu ni kwamba hapo tunamdhulumu, na tunamdhulumu bibi harusi pamoja naye, na watoto watakaozaliwa. Hatusemi haya kwa kumnyooshea mtu kidole. Sisi wenyewe ndio tuliofanya, na ilitugharimu miaka saba na safari ya kwenda Ireland ndipo tukafahamu tulichokifanya.

Jina lililosomwa siku ya nikaha

Sisi ni mke na mume. Mmoja wetu, huyu anayeandika, kazaliwa Makunduchi, kasoma mpaka sekondari, akachukua kozi ya ushoni, na sasa ana duka la nguo za harusi mjini. Mwenzake kazaliwa Kaunti ya Mayo, magharibi ya Ireland, katika familia ya Kikatoliki. Alikuja Unguja kwa kazi ya kutengeneza mashua, na alikuwa ameshasilimu miaka miwili kabla hatujajuana.

Siku ya nikaha, ilipofika zamu ya kutaja jina la bwana harusi, mzee wetu mmoja akasema jina la baba yake ni zito mdomoni na ni la Kikristo, bora aitwe bin Abdallah, maana sote ni waja wa Mwenyezi Mungu. Mzee alisema kwa nia njema. Hakuna aliyepinga. Sisi wenyewe hatukupinga. Biriani limeshaiva, watu wamevaa, nani atasimama kubishana na wazee siku kama ile?

Baba mkwe hakuweza kuja. Tulimpelekea video. Akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga simu kuuliza yale maneno baada ya jina la mwanawe yana maana gani. Akaelezwa. Akanyamaza kidogo, akatutakia kheri, akakata simu.

Tangu siku ile simu zake zikawa fupi: hali ya hewa, afya, kwaheri. Sisi tukamhukumu. Tukasema huyu haupendi Uislamu, ameona mwanawe kaoa kwa Waislamu ndiyo maana kabadilika. Tukaendelea na maisha yetu. Tukajaaliwa mtoto wa kike, na tulipomuandikisha skuli tukajaza majina matatu kama ilivyo desturi ya nchi: lake, la baba yake, na la babu yake. Mahala pa babu tukaandika Abdallah. Dada zetu, tuliandika jina la mtu ambaye hayupo, na babu halisi yu hai anakunywa chai yake Mayo.

Mwaka jana baba mkwe alianguka akavunjika nyonga. Dada yake akatupigia: kama mnataka kumuona akiwa bado anatembea, njooni. Tulikuwa na akiba ya kununulia mashine ya kutarizi. Tukaivunja. Viza ya Ireland iko peke yake, ile ya nchi za Schengen haikuingizi, na nauli si mchezo. Pesa zilitosha watu wawili tu. Mtoto tukamuacha kwa bibi yake, tukaondoka mwezi wa sita.

Sultani, mbatata na mji wa Drogheda

Tulishukia Dublin, na kabla ya kwenda magharibi mwenye kwao alitaka tupite Drogheda, kiasi cha kilomita 50 kaskazini, kwenye mto Boyne. Alisema anataka tuanzie mahali ambapo ukoo wake na dini yake vimekutana.

Katikati ya karne ya 19 maskini wa Ireland, hasa wa magharibi, waliishi kwa mbatata. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa unaoozesha mbatata ardhini, na mavuno yakaharibika tena na tena mpaka mwanzo wa miaka ya 1850. Watu kiasi cha milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi, na milioni moja nyengine wakapanda meli wakaondoka. Hesabu ya watu ya 1841 ilikuta zaidi ya watu milioni 8 katika kisiwa kizima. Mpaka leo kisiwa hakijaifikia tena idadi ile.

Mwaka 1847 Sultani Abdulmajid wa dola ya Uthmaniya alitoa pauni 1,000 kuwasaidia wenye njaa wa Ireland. Watu wa Drogheda wanasimulia pia kwamba alileta meli za chakula mpaka mtoni kwao. Hilo la meli wanahistoria wanabishana, lakini zile pauni 1,000 hazina ubishi, na mjini mle kuna kibao cha 1995 cha kuwashukuru watu wa Uturuki. Timu ya mpira ya mji ina mwezi na nyota kwenye nembo yake. Wengi husema ni kwa ajili ya Sultani, ingawa alama ile mji ulikuwa nayo kabla ya njaa.

Tulisimama mbele ya kile kibao tukaona haya. Khalifa wa Waislamu alituma sadaka kwa Wakatoliki asiowajua, walio mwisho wa bahari. Na sisi tulishindwa kumpa mmoja wao, tena mkwe wetu, hata nafasi ya jina lake kwenye nikaha ya mwanawe.

Nyumbani kwao

Kutoka Dublin tulipanda treni kuelekea magharibi. Tukateremka Ballyhaunis, mji mdogo wa Mayo wenye msikiti uliojengwa 1987. Ulijengwa kwa sababu ya kiwanda cha nyama ya halali kilichoanzishwa na mfanyabiashara wa Kipakistani, na Waislamu waliokuja kufanya kazi wakatia mizizi hapo. Tukasali, tukanunua nyama ya kutosha, ndipo tukaelekea nyumbani kwao, karibu na Foxford.

Tulikuwa na khofu nyingi. Mmoja wetu alikuwa kavaa buibui, mtandio wa kijivu, na moyo unampiga. Mzee alitusubiri mlangoni na mkongojo wake. Akatushika mikono sote wawili, akasema chai tayari.

Nyumba ina mbwa wa kuchungia kondoo, na suala la mbwa lilitukosesha usingizi tangu Unguja. Hatukuwahi kumwambia neno. Lakini tulipofika mbwa alikuwa bandani, na siku zote tulizokaa hakuingia ndani. Chumba tulichopewa kilikuwa kimepigwa deki, na mzee akatuonesha dirisha: "Mashariki ni huku, mkunje kidogo kulia." Alikuwa ameuliza msikitini Ballyhaunis. Sisi wa Unguja tumezoea kibla kaskazini moja kwa moja, na tungehangaika kama si yeye.

Mwezi wa sita kule jua linazama baada ya saa nne za usiku. Mzee ana miaka 78 na analala mapema, lakini kila siku aliacha taa ya ukumbini inawaka mpaka tumalize Isha. Huyu ndiye mtu tuliyemsema miaka saba kwamba haupendi Uislamu.

Karatasi ya 1901

Usiku wa tatu shangazi mtu alileta kompyuta yake. Sehemu kubwa ya nyaraka za zamani za Ireland ziliungua Dublin mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini hesabu za watu za 1901 na 1911 zimesalimika, na idara ya nyaraka ya taifa imeziweka kwenye intaneti bure, mtu yeyote anasoma. Tukaitafuta kaunti, kisha kijiji, kisha jina la ukoo. Ikaja karatasi yenye mwandiko wa mkono.

Watu tisa katika nyumba ya vyumba viwili, paa la majani. Imeandikwa nani anajua kusoma na nani hajui, nani anasema Kiingereza na nani anasema na Kiairish. Babu wa baba mkwe yumo, kijana wa miaka 14. Dada yake yumo, miaka 17. Tukafungua ya 1911: kijana yupo, dada hayupo. Na mama yao katika karatasi ya pili kaulizwa suali waliloulizwa wanawake wote walioolewa: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Kajibu tisa, na saba. Kaburini kwake jina halionekani tena, jiwe limelika. Kilichobaki cha mwanamke yule ni ile hesabu ya watoto wake.

Mzee akatia kidole kwenye jina la yule msichana. Akasema huyu alikwenda Amerika, na usiku wa kuondoka kwake walimfanyia kilio.

Tukauliza, kwani alikufa? Akasema hapana. Ndivyo ilivyokuwa desturi kule. Kijana akiondoka kwenda Amerika, usiku wake wa mwisho nyumba inajaa majirani kama palipofiwa. Wanakesha, wanaimba, wanalia, asubuhi wanamsindikiza. Wazazi walijua hawatamuona tena, hivyo walimlilia angali hai. Nyumba nyingi za Mayo zilipitia hayo, kizazi baada ya kizazi. "Sisi," akasema, "tunajua mtoto kuondoka. Tumezoea. Lakini yule msichana aliondoka na jina letu."

Hapo akatuangalia. Akasema: "Mwanangu kuwa Mwislamu, nilipata tabu kidogo, kisha nikazoea. Kaacha pombe, anapiga simu kila wiki, nitalalamika nini? Lakini ile video nilisikia kaitwa mwana wa mtu mwengine. Nikajiuliza, kwani mimi nimekufa? Na mjukuu wangu, je, jina langu analijua?"

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alitoka nje akasimama na wale kondoo mpaka akatulia.

Alichosema sheikh wetu

Kabla ya kuondoka Unguja tulikwenda kumuuliza sheikh wetu juu ya chakula, makaburi na sala. Na tulipompigia kutoka Mayo kumueleza habari ya jina, alitufungua macho. Sisi si wanavyuoni, tunafikisha tu tulichofunzwa.

Ametukumbusha Sura Al-Ahzab, aya ya 5, inayoagiza watu waitwe kwa baba zao. Zayd, Radhi za Allah ziwe juu yake, alilelewa na Mtume (S.A.W.) na watu wakimwita Zayd bin Muhammad. Baada ya agizo lile alirudishwa kwa jina la baba yake, akawa Zayd bin Haritha. Ikiwa jina la Mtume wetu mwenyewe liliondolewa ili la mzazi lirudi, sisi ni nani wa kumuondoa baba wa mtu kwa sababu jina lake zito?

Na Ikrima je? Baba yake alikuwa adui mkubwa wa Uislamu, na Ikrima akasilimu, na mpaka leo tunamwita Ikrima bin Abi Jahl. Hakuna sahaba aliyeambiwa abadilishe baba.

Sura Luqman, aya ya 15, inatufunza kwamba wazazi wakikushurutisha ushirikina usiwatii, lakini ukae nao duniani kwa wema. Na Bi Asmaa bint Abi Bakr alipotembelewa na mama yake aliyekuwa bado hajasilimu, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama aunge naye udugu, akaambiwa ndiyo.

Juu ya ndoa yetu alitutuliza: ni sahihi, maana bwana harusi alikuwepo mwenyewe na anajulikana. Lakini jina tulirekebishe.

Juu ya makaburi, alitueleza kuwa Mtume (S.A.W.) aliruhusiwa kulizuru kaburi la mama yake, lakini hakuruhusiwa kumuombea maghfira. Basi nasi tulikwenda makaburini na mzee, tukang'oa majani kwenye makaburi ya mababu, tukasoma majina yanayosomeka, tukazingatia mauti. Shangazi aliwasomea sala za dini yao. Sisi tulisimama kimya pembeni, na hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Mipaka ukiijua kabla ya kwenda, unapata utulivu.

Tulijifunza na hili: majina mengi ya Kiairish yanaanza na Mac, maana yake mwana wa, au Ó, maana yake mjukuu au kizazi cha. Mwanamke kwa lugha yao ya asili huwekewa Ní, maana yake binti. Ni bin na binti zetu hizi hizi. Watu waliobeba baba zao kwenye majina kwa mamia ya miaka, ndio tuliowaambia baba haina haja.

Foxford, Murrisk na bandari ya Cobh

Siku zilizobaki tulitembea, wakati mwengine na mzee garini.

Foxford kuna kiwanda cha mablanketi ya sufu kilichoanzishwa 1892 na mtawa wa Kikatoliki, Mama Agnes Morrogh-Bernard. Alikuta mji wenye umaskini mkubwa na mto wenye nguvu, akaona mto ule unaweza kuendesha mitambo ya kufumia. Kiwanda kinafanya kazi hadi leo. Mwenye duka la nguo kati yetu alishika lile blanketi, akaangalia mapindo yake, akakiri kazi ni safi. Mavyaa, ambaye tayari amefariki, aliwahi kufanya kazi hapo akiwa msichana. Tulioana tukijua tu kuwa "alikuwa mama wa nyumbani". Kumbe mavyaa alikuwa mtu wa nguo kama sisi! Tulikuwa na la kuzungumza miaka yote ile na hatukulijua.

Murrisk, karibu na Westport, chini ya mlima Croagh Patrick ambao Wakatoliki huupanda kwa ibada, kuna ukumbusho wa taifa wa ile njaa. Ni meli ya shaba, na kamba zake zimefanywa kwa sura ya mifupa ya watu. Wengi waliokimbia njaa walifia baharini, na meli zile ziliitwa meli za majeneza. Mlima hatukuupanda. Mzee alikaa kwenye benchi na sisi tukakaa naye, bila ya maneno mengi.

Galway tuliona ile pete maarufu ya Claddagh, mikono miwili imeshika moyo wenye taji: mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu. Mabibi harusi wetu mngezipenda, tunajua!

Mwisho tulishuka kusini mpaka Cobh, mji wa bandari ambao kutoka Cork unafika kwa treni chini ya nusu saa. Zamani uliitwa Queenstown. Ndiyo bandari ya mwisho iliyotia nanga Titanic, tarehe 11 Aprili 1912. Zaidi ya watu milioni 2 walioihama Ireland waliondokea hapa, na yule msichana wa karatasi ya 1901 alikuwa mmoja wao. Ufukweni kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili. Annie alikuwa mhamiaji wa mwanzo kupokewa Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Mkono mmoja kamshika mdogo wake, na mdogo wa pili anaonesha kidole mbele, lakini Annie mwenyewe kageuka nyuma, anaiangalia Ireland.

Watu wengi walikuwa wanapiga picha. Sisi tulifikiria mtu wetu, aliyekuja Unguja miaka mingi iliyopita, na jinsi tulivyomfurahia alipofika, na hata siku moja hatukumuuliza anaangalia nini akigeuka nyuma.

Mnaosema "lakini"

Tunayajua mtakayosema, maana dukani tumeshaambiwa.

Mtasema, "Mkimrudisha kwao watamtoa kwenye dini." Khofu hii ni ya kweli na hatuidharau. Lakini mtu ambaye imani yake inategemea kutowaona wazazi wake, imani hiyo inahitaji msaada mwengine, na kumficha haitasaidia. Yule wa kwetu alisali kwenye chumba alichozaliwa, baba yake kamuwekea taa. Alirudi ana nguvu zaidi.

Mtasema, "Nauli tutoe wapi?" Hapa tuseme ukweli unaotuumiza sisi wenyewe. Duka letu linaishi kwa magauni ya harusi. Tunashona gauni la nikaha, la singo, la kupamba, la kuagwa, na yote huvaliwa mara moja. Kumwambia mteja apunguze gauni moja ni kujikata mkono. Lakini tumeanza kumwambia hivyo bibi harusi ambaye mume wake ni wa mbali: punguza gauni moja, anzisha kibubu cha safari ya kwao. Ikiwa hata hilo halimo, basi simu yenye picha kila wiki, wewe mwenyewe ukiwa umekaa mbele. Si salamu za kupitishiwa.

Mtasema, "Wao wenyewe hawatutaki." Wapo wasiotaka, ni kweli, na kuna milango itafungwa. Lakini hakikisheni mmebisha kwanza. Sisi tulikaa miaka saba tukimlaumu mzee kwa mlango tulioufunga kwa mikono yetu.

Tunayokuomba, bibi harusi

Kabla ya nikaha, muulize mchumba wako aliyesilimu jina la baba yake na la babu yake. Yaandike. Jifunze kuyatamka mpaka yaje mdomoni, umfunze na walii wako, umpelekee sheikh mapema. Akitaka kubadilisha jina lake mwenyewe, hilo ni lake. La baba yake haligusiki.

Zungumza na mama yake, kama yu hai, kabla ya kuingia ndani na si baada. Muulize alikuwa anafanya kazi gani, anapika nini, alizaa wangapi. Usioneshwe picha tu.

Nyaraka za kwao zikiwepo, zitafuteni pamoja. Watoto wenu watauliza, na nusu ya ukoo wao haiwezi kuwa ukurasa mtupu.

Na ukienda kwao, uliza wanavyuoni mipaka yako kabla ya kupanda ndege, ili ufike huna wasiwasi na wala huna kiburi.

Sisi tuliporudi, jambo la kwanza tulikwenda skuli kurekebisha daftari. Mwalimu akauliza jina lile linaandikwaje, tukamuandikia kwa herufi kubwa. Usiku tukampigia babu. Mtoto akasimama mbele ya simu kama anavyosimama darasani, akasema majina yake matatu, moja baada ya jengine, bila ya kukwama. Ana miaka mitano. Jina ambalo wazee walisema ni zito mdomoni, yeye kalisema mara moja tu.

Babu akamwambia arudie. Akarudia.

Mashine ya kutarizi bado hatujainunua. InshaAllah itakuja.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndoa zenye baraka, atuunganishie jamaa zetu wa karibu na wa mbali, na atusamehe tulipokosea kwa kutojua. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.